Kijani nakiacha Tanga

Mhariri, swali lenu la juma hili limenikuta nimekaa sakafuni, begi liko wazi mbele yangu. Mmeuliza: "Ukipata siku saba za kwenda kufanya kitu unachokipenda, utafungasha nini, na utaacha nini nyumbani?" Mimi siku saba hizo ninazo. Shule zikifungwa mwezi wa sita, sisi walimu wanne na fundi mmoja wa mabango huondoka Tanga tukapanda Lushoto kuchora. Tunachora nje, milima ya Usambara ikiwa mbele ya macho, tangu ukungu unapoinuka hadi jua kuchwa. Basi nitawajibu kwa vitu vilivyotandazwa hapa sakafuni.

Nianze na uzito, maana ndio ulioniharibia safari ya kwanza. Mwaka ule nilibeba rangi za mafuta, stendi ya mbao ya kuchorea, turubai nne zilizowambwa kwenye fremu na chupa ya tapentaini, ile dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Mizani ya duka la jirani ilisoma kilo 19. Kabla hatujafika Korogwe kifuniko cha tapentaini kililegea ndani ya begi, na basi zima likajaa harufu. Kiti cha mbele yangu alikaa mama na mtoto mdogo, mtoto akatapika mpaka Mombo. Nilimwomba radhi yule mama, akanisamehe kwa maneno mazuri, lakini mpaka leo nikikumbuka naona haya. Tapentaini inashika moto upesi. Kwenye ndege hairuhusiwi, na mimi nasema hata kwenye basi lililojaa watu haina nafasi.

Kule juu mambo hayakuwa mepesi. Kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente ni mwendo kama wa saa moja na nusu kwa miguu, na njia inapanda. Nilikwenda na mzigo wote siku moja. Siku nne zilizofuata nilibaki kwenye baraza ya nyumba ya wageni nikichora ua na banda la kuku, wenzangu wako ukingoni. Begi ndilo lililoamua nichore wapi. Na turubai mbili nilizochora zilirudi zimegandana, kwa sababu rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka na sikuwa na kitu cha kuzitenganisha.

Tangu hapo sheria yangu ni kilo 6 pamoja na maji ya kunywa, na mkono mmoja uwe huru wa kushika mti njiani. Nimehamia rangi za maji. Tyubu zangu sita zinaingia kwenye kiganja: buluu mbili, njano mbili (ya limau na ya udongo), nyekundu moja, na ile kahawia ya udongo iitwayo siena. Kila nikizipanga namkumbuka Mmarekani John Goffe Rand, ambaye mwaka 1841 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya tyubu ya bati inayofungwa kwa kifuniko. Kabla yake wachoraji wa Ulaya walihifadhi rangi ya mafuta kwenye kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi, wakakitoboa walipotaka kuitumia, na kikishatobolewa hakizibiki vizuri. Kazi ya kuchora nje siku nzima ilirahisishwa sana na kibati kile.

Karatasi msifanyie ubahili. Bana kwenye brashi, bana kwenye begi lenyewe, lakini karatasi nunua nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza iwe ya pamba. Karatasi nyepesi ikilowa hujikunja kama mkate wa kusukuma kwenye chuma cha moto, rangi ikakimbilia mabondeni. Mimi nazikata nyumbani, nusu ya A3, ninazibandika kwa tepu ya karatasi juu ya vipande vya hadbodi, pande zote mbili. Hadbodi ni ile ile aliyoanza kupakia picha zake Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwaka 1968. Ni nyepesi, inapatikana kwa fundi yeyote wa dari, na fundi akiwa na vipande vilivyobaki hakutozi kitu. Vipande vitatu vinanipa nafasi sita za kuchorea. Sita zina sababu. Asubuhi ya Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa imejaa ukungu, na ule mpako wa kwanza hukaa majimaji muda mrefu. Ukiulazimisha kwa kupaka juu yake, unapata tope. Kwa hiyo naanza mbingu kwenye karatasi ya kwanza, naiweka kando, naanza ya pili, na nikirudi kwenye ya kwanza iko tayari. Tukishuka Mombo kwenye joto, mambo yanageuka: brashi haijafika ukingoni, rangi imeshakauka nyuma yake. Anayekwenda sehemu mbili zenye hewa tofauti ajue kwamba mkono wake utabidi ubadilike nazo.

Brashi tatu zinatosha: bapa moja pana, moja nene ya duara yenye ncha, moja nyembamba. Nazikunja ndani ya kimkeka cha ukili alichonisukia shangazi yangu. Hewa inapita, brashi hazivundi, ncha hazipindi. Kopo la maji ni lile la siagi ya karanga lenye mfuniko wa kuzungusha. Kanga kuukuu mbili: moja nachana vipande vya kufutia, kwa sababu pamba iliyofuliwa miaka kumi inanyonya maji kuliko tambara lolote la dukani, na ya pili ni ya kukalia, kujifunika baridi, na kusitiri mwenzako panapokuwa hapana choo. Vibanio vya nguo vinne, maana upepo wa ukingoni haupigi hodi. Chupa ya chai ya tangawizi. Raba za kupandia, sweta, na soksi za ziada, kwani mwezi wa sita na wa saba Lushoto usiku ni blanketi mbili. Chakula sibebi. Sokoni kuna matunda, na huko Irente wanaoka mkate na kutengeneza jibini.

Sasa mwavuli. Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu sijaona mtu akiliandika hili kwa Kiswahili na limenigharimu kazi za siku tatu. Karatasi nyeupe juani inachoma macho, ukiitazama dakika kumi huoni tena tofauti ya kivuli na mwanga, kwa hiyo lazima kivuli kiwe juu yako na juu ya karatasi. Mwaka wa pili nilikwenda na mwavuli mwekundu niliopewa bure kwenye promosheni. Nilichora chini yake siku tatu na nilifurahi mno, kila picha ilionekana ina joto la jua. Jioni nikazipanga kitandani chini ya taa nyeupe: zote baridi, za kijani-buluu, kama zimechorwa chini ya maji. Nilikaa nikizitazama muda mrefu. Mwavuli ulikuwa unamwaga wekundu juu ya karatasi na juu ya paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, jicho likaona wekundu umezidi, na mkono, bila mimi kujua, ukawa unaongeza buluu na kijani kusawazisha. Mwanga mwekundu ulipoondoka, ukabaki usawazishaji peke yake. Tangu siku hiyo mwavuli wangu ni mweusi. Na shati ni la kijivu au kahawia. Nyeupe hurudisha mng'ao kwenye karatasi, na nguo ya rangi kali inafanya kazi ile ile ya mwavuli wangu mwekundu.

Saa za kuchora nazo ni sehemu ya kufungasha, kwa maana unazipanga ukiwa bado nyumbani. Jua la kwetu, karibu na ikweta, huchomoza wima na kuzama wima. Ule mwanga wa dhahabu wanaoupata wa kaskazini jioni nzima, sisi tunaupata kidogo tu, kisha giza. Claude Monet, alipochora yale marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891, alikuwa na turubai kadhaa karibu naye, mwanga ukibadilika anashika nyingine. Mimi nafuata hivyo hivyo kwa karatasi zangu sita: hakuna picha inayochukua zaidi ya muda wa saa mbili. Irente inatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na tambarare kule chini imewashwa yote, mpaka unaona barabara na mashamba ya mkonge. Alasiri jua liko usoni, tambarare inageuka vumbi la buluu tupu lenye ngazi ngazi, kila safu ya mbali ikiwa nyepesi kuliko ya mbele yake. Ni sehemu moja yenye picha mbili zisizofanana hata kidogo. Mtu akifika huko saa sita mchana akasema hapana kitu cha kuchora, kwa saa hiyo ni kweli.

Mwenzangu mmoja shuleni huniuliza kila mwaka: kwa nini usipige picha kwa simu ukachora nyumbani, au ukachora kwa kumbukumbu? Swali lake nalichukulia kwa uzito. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, aliwachora watu wa Kilimanjaro na migomba yao kwa namna ambayo hakuna kamera ingeweza. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Huko Makerere alikosoma, mwalimu Margaret Trowell aliwahimiza wanafunzi wachore yaliyomo ndani yao. Lakini Ntiro mlima ulikuwa ndani yake. Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, nimelelewa na bahari, nikifumba macho naona ngalawa na mikoko. Usambara sina ndani yangu. Nisipokwenda kukaa mbele yake, nikaumwa na baridi yake, nitakachochora ni kadi ya posta.

Kuna kitu kingine kwenye begi ambacho wachoraji wengi hawakifikirii: daftari la michoro iliyokamilika, nalo linakaa juu kabisa ya vyote. Mwaka wa tatu tulikaa kando ya shamba la kabichi njia ya kwenda Irente, watu watano na mbao magotini, tunanyoosha penseli mbele ya jicho kupima urefu wa mlima. Bibi mmoja akatoka mbio na jembe mkononi.

"Shikamoo bibi."

Hakuitika. "Mnapima shamba la nani?"

Nikaelewa papo hapo. Watu wenye mbao, karatasi na vidole vya kupimia, kwa mkulima, ni watu waliokuja kwa habari ya ardhi, na mara nyingi si kwa habari njema. Nikafungua daftari, nikamwonyesha Soni, maporomoko, mwanamke wa sokoni na kapu lake. Akafunua kurasa polepole, kidole kimekakamaa kwa kazi. Akafika kwenye sura ya yule mwanamke, akacheka, akasema anamfahamu. Ndipo akaitika: "Marahaba wanangu. Kaeni." Sasa hatukai mahali kabla ya kupiga hodi, na daftari linatangulia kufunguliwa kabla ya mbao.

Mliuliza pia nitaacha nini. Naacha tyubu ya kijani, na huyo bibi ndiye sababu.

Siku ile alirudi alasiri kuangalia tulipofikia. Nilikuwa nimetumia kijani cha tyubu, kile kikali kinachouzwa tayari, nikakipaka kwenye migomba, kwenye mikaratusi, kwenye mahindi, na kwenye kabichi zake. Aliinama, akatazama karatasi, kisha akatazama shamba, akasema, "Kabichi yangu haing'ai hivi. Ina unga." Akachuma jani la nje, akanipa. Juu yake pana utando mweupe-buluu kama unga wa ngano uliopepetwa. Akalipitishia kidole gumba, na palipopita kidole pakabaki mstari wa kijani cha kweli, kinachong'aa. Nilikuwa nimekaa mbele ya shamba lile tangu saa tatu asubuhi sijauona ule unga.

Nikaanza upya kwenye karatasi ya tano. Kabichi: buluu iliyoiva, njano ya limau kiasi cha ncha ya brashi, siena kidogo sana ya kuituliza, na maji mengi. Mikaratusi inataka buluu hiyo hiyo na ile njano ya udongo, iwe ya kijivu. Migomba inataka njano zaidi, hasa jani linapopitisha mwanga kwa nyuma. Kivuli chini ya misonobari ni buluu na siena tu, njano haimo kabisa. Vijani vinne, na kijani chenyewe hakimo ndani ya begi.

Jumamosi tunaondoka na basi la asubuhi. Nimepima begi jana kwa yule jirani, kilo 5 na gramu 800. Zile gramu 200 zilizobaki nimempa bibi: nakala ya shamba lake, iliyobanwa katikati ya hadbodi mbili ndogo na kufungwa nailoni mara mbili, kwa ajili ya ukungu.