Kabla ya kumwomba mbunge mbana matumizi fedha za sayansi ya anga

Mbunge hana mamlaka ya kukuongezea fedha. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inamzuia kupendekeza matumizi mapya kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina kama Serikali haijayaleta yenyewe. Yeye anaruhusiwa kupunguza tu. Ndiyo maana hata kule kushika shilingi ni hoja ya kukata shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili atoe maelezo. Ukimfuata ofisini kwake Mbeya au Mafinga na kumwambia, "Mheshimiwa, tutafutie bilioni mbili," mazungumzo yameishia hapo. Mwombe anachokiweza: swali bungeni, kumbana waziri, na kuishawishi kamati ishauri fedha zihamishwe ndani ya ukomo uleule, yaani kiwango cha juu ambacho bajeti haiwezi kukivuka. Hilo la mwisho ndilo litakalomkalisha sawasawa kwenye kiti, kwa sababu jumla ya bajeti haipandi.

Wengi hukurupuka Aprili, Bunge la bajeti likiwa limeshaanza Dodoma. Wamechelewa. Mwongozo wa mpango na bajeti kwa kawaida hujadiliwa Novemba, ukomo wa kila fungu hufuata, na kamati hupitia makadirio kuelekea mwisho wa Machi. Mwone Septemba au Oktoba, halafu umkumbushe kabla kamati hazijakaa.

Mpelekee ukurasa mmoja tu. Uonyeshe fungu (namba ya wizara au taasisi kwenye bajeti) na kasma (mstari wa matumizi ndani yake), fedha zilizoidhinishwa kwa miaka mitatu, zilizotolewa kweli, kazi moja inayoombewa fedha, ofisa mmoja wa kuulizwa, na tarehe ya kuisitisha kazi hiyo isipoleta matokeo. Waombaji huogopa kuandika hiyo tarehe. Kwa mtu wa kubana matumizi, ndiyo inayoonyesha kwamba mwombaji naye amepiga hesabu.

Kazi yenyewe iwe anayoijua. Chukua moto wa misitu Mufindi. Kihisi cha VIIRS kilichopo kwenye setilaiti za Marekani hugundua joto la moto, na taarifa zake hutolewa bure, kwa kawaida ndani ya saa tatu hivi. Usimwambie kwamba kinaonyesha shamba la nani limeungua. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ina upana wa mita 375, yaani takribani ekari 35, na ndani yake mnaweza kuwa na viwanja vya miti vya watu kumi. Kupata mpaka wa eneo lililoungua unahitaji Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zenye pikseli za mita 10. Ekari moja inakaa kwenye pikseli kama 40 hivi. Nayo haioni chini ya mawingu, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Aprili usiahidi picha ya kila wiki. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, lakini kuisoma kunataka mtu aliyefundishwa.

Hapo ndipo ombi lako lilipo. Picha ni bure. Zinazogharimu ni mishahara ya wachambuzi, kompyuta, hifadhi ya data na intaneti isiyokatika. Usiombe setilaiti. Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 Aprili 2023, na ukiitaja ili kumtia wivu, atauliza imewaingizia shilingi ngapi.

Kwa mbunge wa Mbarali au Iringa, hoja nzito zaidi ni maji. Kumbukumbu za picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zinaanzia 1972 na tangu 2008 hazilipiwi, kwa hiyo mabadiliko ya ardhioevu ya Usangu na Ihefu yanaweza kupimwa bila kurusha chochote. Maji hayo ya Ruaha Mkuu ndiyo yanayofika kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera, megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204. Mweleze hivyo hivyo, kwa megawati.

Kimondo cha Mbozi kiache kwanza. Kinavutia, ila ni hoja ya utalii. Ile hadithi kwamba Teflon ya vikaango ilitokana na safari za anga nayo iache kabisa: Teflon iligunduliwa 1938, na NASA, shirika la anga la Marekani, ilianzishwa 1958. Msaidizi wake akiligundua kosa hilo kwenye simu mkiwa hapo hapo, takwimu zako zote zitatiliwa shaka.

Atakuuliza: hayo ni misitu na maji, je, sayansi ya nyota inatuhusu nini? Usikwepe. Saa za setilaiti za GPS huenda mbele kwa takribani mikrosekunde 38 (sehemu 38 za milioni za sekunde) kwa siku zikilinganishwa na za ardhini, kwa sababu mvutano mdogo huko juu huziharakisha kuliko mwendo wao unavyozichelewesha. Isiporekebishwa, kosa la mahali hukua kwa kilomita kama 10 kila siku. Nadharia ya Einstein iliyotoa hesabu hiyo ilikamilika 1915, wakati hakuna aliyekuwa na habari za kupima viwanja kwa setilaiti. Kisha kiri kwamba sehemu hiyo ya sayansi huwezi kuiwekea tarehe ya faida, na uiombee kidogo: nafasi chache za shahada za juu, labda chuo kikuu cha MUST, Mbeya, au Mkwawa, Iringa, zisizozidi kiasi kilichoandikwa.

Akikubali, usipotee. Fedha kuidhinishwa Juni na fedha kutoka Hazina ni mambo mawili tofauti. Januari mwandalie swali la nyongeza, sentensi moja tu: hadi Desemba 31 zimetoka shilingi ngapi, na zimelipa kazi gani?