Felti inachanika kwenye mashine: angalia kisu kwanza

Dada, umesema nyota zako za felti, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, zinatoka na manyoya pembeni ukizikata kwa mashine ya kukata maumbo, nyingine hazikatiki kabisa, na sherehe ya mtoto ni Jumamosi. Tatizo naona ni kisu. Kile cha karatasi huiburuta felti badala ya kuikata. Kama mashine yako ni Cricut Maker, weka kisu cha gurudumu na ule mkeka wa pinki wa kushikilia kitambaa. Kisu hicho hakiwezi kona za kubana, kwa hiyo nyota ziwe nono, zisipungue sentimita 2.

Kama ni Cricut Explore, kisu cha gurudumu hakiingii. Bandika kwa pasi, nyuma ya felti, kile kitambaa kigumu ambacho mafundi cherehani huweka kwenye kola. Pasi isiwe ya moto sana, felti ya akriliki hujikunja. Jaribu nyota moja kwanza.

Kwenye kutunga nyota ziwe pambo la kuning'iniza, pitisha uzi matundu mawili, kushoto na kulia. Mimi nilitoboa moja tu juu. Feni ilipowashwa, nyota zote zikatugeuzia mgongo!

Manyoya yaliyobaki mkekani yaondoe kwa selotepu.