Maswali ya wasomaji: Namba ya simu iko chini, ila chini penyewe hapafikiki

SWALI: Mambo vipi. Mimi nauza vitenge Kariakoo, mwaka jana kijana mmoja alinitengenezea tovuti na kwa kweli inapendeza, juu kuna picha tano kubwa zinapokezana zenyewe, halafu ukishuka vitenge vinakuja tu, vinakuja tu, haviishi. Shida ni kwamba watu wananiambia wameingia humo hawajaona simu wala duka liko mtaa gani, wakati vyote nimeweka chini kabisa ya ukurasa! Fundi anasema ndo usasa huo, nikiutoa nitaonekana mshamba. Nifanyeje?
– Mama Vitenge, Kariakoo

JIBU: Poa dada. Hao wateja hawakudanganyi, namba yako ipo ila hawawezi kuifikia. Huo mtindo wa vitenge kuja bila kuisha ukiutazama kwa ndani uko hivi: mtu akikaribia mwisho wa ukurasa, programu ya tovuti inaomba seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ilete mzigo mwingine wa vitenge na kuubandika hapohapo, kwa hiyo ile sehemu ya chini yenye simu na ramani inasukumwa tena mbali. Akishuka tena, inasukumwa tena. Labda vitenge vyako vyote viishe ndo ataiona, na nani ana bando la kufika huko jamani.

Kitu chenyewe kinahusishwa na Mmarekani anaitwa Aza Raskin, alikibuni mwaka 2006, na miaka ya baadaye akaja kusema hadharani kwamba anajutia kilivyotumika kuwanasa watu kwenye simu. Instagram kinafaa kwa sababu mle mtu hana anachotafuta, anapoteza muda tu na mwenye jukwaa anataka aendelee kuupoteza. Mteja wako amekuja na shida yake, anataka kitenge cha sare ya harusi, rangi fulani, bei fulani, na akishaona vitatu anataka kurudi alinganishe. Hapo ndo balaa jingine linapoanzia, maana tovuti nyingi za namna hiyo mtu akifungua kitenge alichokipenda kule chini halafu akabonyeza kurudi nyuma, anatupwa juu kabisa aanze upya, na wengi hapo hawaanzi upya, wanafunga.

Na usitishwe na neno usasa. Etsy, lile soko la mtandaoni la vitu vya kutengeneza kwa mkono, waliwahi kuujaribu kwenye utafutaji wao wakaona watu wanabonyeza bidhaa chache kuliko zamani, wakaachana nao. Google nao waliweka matokeo ya kushuka mfululizo kwenye simu mwaka 2021, kwenye kompyuta mwishoni mwa 2022, na 2024 wakaanza kuyaondoa. Kama Google wamerudi nyuma na hakuna aliyewaita washamba, wewe unaogopa nini?

Mwambie fundi hivi. Vitenge ishirini vya kwanza vitoke, chini yake kitufe cha "Ona zaidi", mtu akitaka abonyeze mwenyewe, asipotaka aendelee chini akute simu. Akirudi nyuma arudishwe pale alipoishia. Picha za chini zisilodi mpaka mtu afike huko, hilo fundi anaweza kulifanya kwa neno moja tu kwenye maandishi ya programu na linaokoa bando la mteja. Pia kuna watu bado wanatumia brauza ya Opera Mini, ile inabana kurasa kwenye seva zake kabla hazijafika kwenye simu, na huko mbwembwe za kushuka bila mwisho mara nyingi hazifanyi kazi kabisa, mtu anaona fungu la kwanza basi, anadhani ndo duka lote. Namba ya WhatsApp iwe juu, ibonyezeke, na ibaki inaonekana hata mtu akishuka. Na bei dada, weka bei, hii tabia ya "bei njoo inboksi" imechosha.

Zile picha tano sasa. Chuo kikuu cha Notre Dame kule Marekani walihesabu mibonyezo ya picha zao za kupokezana, matokeo yakatoka 2013: walioingia wakabonyeza ni kama 1 katika kila 100, na katika mibonyezo hiyo yote asilimia 84 ilikwenda kwenye picha ya kwanza. Yaani picha yako ya tatu mpaka ya tano zinalodi, zinakula bando, halafu karibu hazina anayezigusa. Chagua moja nzuri yenye kitenge na bei, iache itulie.

SWALI: Mteja wangu amekomaa kwamba kila kitu kibanwe kwenye skrini ya kwanza, eti watu hawaskroli, yaani hawashuki chini ya ukurasa. Ni kweli?
– Mwanafunzi wa IT, Dodoma

JIBU: Mdogo wangu, watu wanaskroli, ila kwa sababu. Kampuni ya Nielsen Norman Group ilifuatilia macho ya watumiaji: 2010 asilimia 80 ya muda wa kutazama iliishia skrini ya kwanza, 2018 ikashuka hadi 57. Kwa hiyo mteja wako ana nusu ya ukweli, juu bado ndo panatazamwa zaidi ila si pekee. Ukibana kila kitu pale vitufe vinakuwa vidogo mpaka kidole kinagusa viwili kwa mpigo, wakati miongozo ya 2023 ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, inataka kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24, na Apple wao wanashauri 44 kwa kipimo chao cha pointi. Juu weka jibu la "hapa ni wapi na nitapata nini", halafu hakikisha kuna kitu kimekatwa nusu pale chini ya skrini, picha au kichwa cha habari, ili mtu ajue kuna mengine. Ukimaliza skrini vizuri sana kwa rangi moja bapa, mtu anadhani ukurasa umeisha.

SWALI: Mwanangu, kuna tovuti za magazeti nikishusha kidole picha ya nyuma inakwenda kwa mwendo wake, maandishi yanaruka kutoka pembeni, nasikia kizunguzungu kabisa. Ni uzee au?
– Mzee, Tanga

JIBU: Shikamoo mzee. Si uzee. Macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halijausikia, na baadhi ya watu wanapata kichefuchefu kweli, hata vijana. Apple walipoleta mbwembwe hizo kwenye iPhone mwaka 2013 watu walilalamika vilevile. Ingia kwenye Mipangilio ya simu, tafuta Ufikivu, humo kuna sehemu ya kupunguza mwendo au kuondoa uhuishaji, iwashe. Tovuti zilizotengenezwa kwa adabu zinausoma mpangilio huo na kutulia zenyewe. Zisizotulia, kwenye baadhi ya brauza kuna hali ya kusoma, inabakiza maandishi na picha za kawaida tu, mwombe mjukuu akuonyeshe ilipo kwenye simu yako.