Kukata bomba la siti la baiskeli ya gurudumu moja bila kulinasisha

Nilipokata bomba la siti, lile linaloibeba siti na kuzama ndani ya fremu, kwa mara ya kwanza, mkato ulitoka laini hata nikauona kama wa kiwandani. Nusu saa baadaye bomba lilikuwa limenasa shingoni mwa fremu, halipandi wala halishuki, na jioni ile kikundi chetu cha sarakasi kilikuwa na onyesho katika hoteli moja huko Bamburi, Mombasa. Tulikwenda na kamba na mipira tu.

Kisa kilianza na kijana mpya aliyejiunga nasi mazoezini Tononoka. Mwepesi, hana woga, lakini mfupi, na pedali ya chini haifikii. Kwa baiskeli ya kawaida ungelegeza nati ukateremsha siti, yakaisha, kwa sababu fremu ina bomba refu la kuizamisha. Ya gurudumu moja haina nafasi hiyo. Shingo yake, pale fremu inapolipokea bomba la siti, ni fupi, chini iko wazi, na hapo hapo chini ndipo tairi lilipo. Ukizidi kuizamisha siti, bomba linachomoza upande wa pili na kusugua tairi. Ndipo inapobidi kukata.

Ila kabla hujashika msumeno, angalia baiskeli inapandwa na nani. Kama mnaazimana, mrefu na mfupi, usikate. Tafuta bomba la pili fupi muwe mnabadilishana. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni milimita 22.2, 25.4 na 27.2, na mara nyingi namba imepigwa kwenye bomba lenyewe. Isome. La 25 na la 25.4 machoni ni ndugu, shingoni si ndugu.

Kupima si kazi kubwa. Mpandaji aegemee ukuta, akae, aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka, siti iko sawa. Watu wengi wanaoanza huiweka chini mno kwa kuogopa kuanguka, kisha wanalalamika mapaja yanawaka moto. Ukishapata kimo, kata kiasi ambacho ncha ya chini itakaa mbali kidogo na tairi, lakini ndani ya shingo zibaki sentimita 10 hivi kama shingo inaruhusu. Na kuna ule mstari wa kiwandani unaoonya siti isivutwe juu zaidi ya hapo. Mstari huo umepimwa kutoka ncha ya chini, na ncha ya chini ndiyo unayoikata. Ukishakata, mstari umekuwa mwongo. Ufute, uchore wako.

Sasa kosa langu. Niliazima kwa jirani, fundi wa mabomba ya maji, kile kifaa chenye kigurudumu chembamba kinachozungushwa huku ukikaza. Kinakata haraka, kinakata wima, hakitoi unga. Nikafurahi. Nikapaka grisi, nikasukuma bomba, likaingia kama vidole vinne, likagoma. Nikachukua nyundo ya mpira. Likaingia kidogo tena, halafu basi.

Siku ya pili nikaibeba fremu kwa mzee mmoja fundi wa Majengo. Hakuitazama. Aliniuliza kipande nilichokikata kiko wapi. Kwa bahati kilikuwa mfukoni. Akapitisha ukucha kwa nje kuelekea kwenye mkato, ukucha ukakwama.

“Hili hukulikata, mwanangu. Umelibana mpaka likaachana.”

Kigurudumu kile hakiondoi metali, kinaisukuma pembeni, na inayosukumwa huinuka kama mdomo kuzunguka ncha. Kwa bomba la maji si neno. Kwa siti, mdomo mdogo usioonekana unatosha. Na niliponaswa ni pale pale kila mtu anaponaswa: juu shingo ina mpasuo wa kubania, kwa hivyo inatanuka kidogo na kukupokea. Ukipita mpasuo, shingo ni duara zima, haitanuki. Mlango unakukaribisha, ukumbi unakukaba. Nyundo yangu ilikuwa inazidi kulikabidhi bomba kwenye duara lile.

Kulitoa kulichukua siku mbili. Mzee alitoa gurudumu, akaigeuza fremu, ile miguu yake miwili inayoshika gurudumu ikawa juu, akamimina mafuta membamba ya kulegeza kutu kutoka upande wa chini uliokuwa wazi, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake akalibana bomba kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, siti imeshavuliwa, akaishika miguu ya fremu kama usukani. Hakuvuta. Alizungusha, kulia kidogo, kushoto kidogo. Lilipokataa, alinituma barafu kwa wauza samaki, akaiponda na kuijaza ndani ya bomba, fremu ikipigwa na jua. Bomba langu lilikuwa la alumini na fremu ya chuma, na alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma kwa baridi ile ile. Tofauti yenyewe ni ya unywele, na mimi nadhani mafuta ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Hata hivyo lilitoka. Moto hakuutaka kabisa: alumini ikipashwa hutanuka kuliko chuma, ingejikaza zaidi.

Tangu hapo natumia msumeno wa chuma wa mkono, wenye wembe wa meno madogo, 32 kwa inchi. Ukuta wa bomba ni mwembamba, na wembe wa meno makubwa unarukaruka na kuungata. Jiliwa nalibanisha kwenye kile kipande kitakachotupwa, si kwenye kitakachobaki, maana bomba likibonyezwa likawa yai, hata ulisugue mpaka Idi halitaingia. Kwa alama nazungusha klipu ya kukazia mpira wa maji, nakaza, nakata kwa kuufuata ukingo wake. Mkato ukipinda kidogo usijali. Uko ndani, hauonekani, na haushiki kitu.

Kinachoshika ni ukingo, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote. Tumia tupa laini, kwa nje, ukiilaza kidogo ili ncha iwe nyembamba kama penseli iliyoanza kuchongwa. Milimita moja inatosha. Kisha ndani, kwa tupa ya mviringo. Kisha msasa wa maji. Pitisha ukucha kila upande. Ukikwama popote, rudi. Halafu fremu nayo: kingo za ule mpasuo mara nyingi zina makali kwa ndani, na mahali shingo ilipochomelewa kwenye miguu chuma kinaweza kuwa kimevimba. Futa unga wote kwa kitambaa, kwa kuwa chembe moja ikiingia katikati inachimba mfereji.

Kabla ya kujaribu bomba lenyewe, jaribu kwanza kile kipande ulichokikata, upande wake wa kiwandani. Kama kinateleza shingoni na bomba lako halitelezi, fremu haina kosa, rudi kwenye tupa. Kama hata chenyewe kinagoma, basi shida ni shingo au kipimo. Hili halikutoka kwa mzee, nimeligundua mwenyewe, na limeniokoa mara mbili. Likigoma kwa mkono, toa. Nyundo iache nyumbani.

Grisi usiionee choyo, hasa huku kwetu. Alumini ndani ya chuma, na hewa ya chumvi tunayoipata ufukweni Mama Ngina tukifanya mazoezi jioni, ni kutu ya aina yake: alumini inatoa unga mweupe unaojaza nafasi yote na kulishika bomba hata kama lilikatwa na malaika. Sisi tunalichomoa kila mwisho wa mwezi, tunafuta, tunapaka upya, dakika kumi.

Yule kijana sasa amerefuka. Bomba lake tumelipandisha hadi kwenye mstari niliouchora mwenyewe, na mwaka huu nadhani tutamtafutia jingine.