Dakika 95 kwa Siku

Swali la wiki hii liliuliza: "Makato ya mshahara yameongezeka, na bado wengi hubaki kazini saa za ziada bila malipo. Je, mzigo huu umegawanywa kwa haki?" Haujagawanywa kwa haki. Lakini kabla ya kulaumu upande mmoja, tuweke makato na saa kwenye karatasi moja, kwa sababu watu wengi huhesabu makato hadi senti ya mwisho na saa hawazihesabu kabisa.

Mfano wangu ni mfanyakazi wa duka la hadiwea mjini Nakuru, Kenya. Mshahara wake wa msingi ni Sh22,500, marupurupu ya nyumba ni asilimia 15, yaani Sh3,375, na jumla ni Sh25,875. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6 ambayo ni Sh1,552.50, bima ya afya asilimia 2.75 ambayo ni Sh711.56, na ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 ambayo ni Sh388.13. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza ndipo PAYE, kodi ya mshahara, ikokotolewe, kwa hivyo kinachotozwa kodi ni Sh23,222.81. Asilimia 10 ya hicho ni Sh2,322.28, na nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, yaani kodi ambayo kila mlipaji husamehewa, inaifuta yote. PAYE yake ni sufuri. Makato yote yanafika Sh2,652.19, na zaidi ya nusu yake ni akiba yake mwenyewe ya uzeeni.

Sasa saa. Duka linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, chakula cha mchana dakika 45. Hiyo ni kazi ya saa 10 na robo kwa siku, na kwa siku 6 ni saa 61 na nusu. Amri ya jumla ya mishahara inaweka juma la kawaida kuwa saa 52 kwa siku 6. Amezidisha saa 9 na nusu kila wiki, sawa na dakika 95 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi kidogo ya saa 41, nami nitazichukua kuwa 40 ili nisionekane navuta upande wangu. Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa msingi hugawanywa kwa 225: Sh22,500 inatoa Sh100. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, Sh150. Siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili, Sh200. Saa 40 kwa Sh150 ni Sh6,000.

Sh6,000 ni zaidi ya mara mbili ya makato yake yote. Kwa mtu wa mshahara huu, kodi kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye hati ya mshahara. Haina nafuu wala kiwango cha chini kisichotozwa, na haijengi hospitali wala barabara ya mtu. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na cha 210 kinasema hakuna kodi itakayotozwa bila sheria. Saa hizi 40 hutozwa kwa neno moja tu la msimamizi: "Tumalizie hesabu kwanza." Kifungu cha 41, kinachompa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, kinavunjwa kimyakimya kila jioni mlango unapofungwa kwa ndani.

Wapo watakaosema kwamba ovataimu ikilipwa Serikali itaila. Tuipime. Sh6,000 zikiongezwa kwenye mshahara huo, sehemu ndogo inaangukia kiwango cha asilimia 10 na iliyobaki kile cha asilimia 25. PAYE inayozuka haifiki Sh1,310. Hata bima na ushuru wa nyumba vikiguswa, mfanyakazi anabaki na zaidi ya Sh4,000 ambazo sasa hazioni. Na hizo za PAYE ni fedha ambazo hazina ya taifa nayo inazikosa kila mwezi kazi hiyo inapofanywa bure, kisha pengo linajazwa na walipaji wengine.

Upande wa Serikali nao una lawama zake. Kiwango cha PAYE cha asilimia 30 kinaanza mtu anapopita Sh32,333 na kinakwenda hadi Sh500,000. Shilingi ya mwisho ya mwalimu wa Sh40,000 inatozwa sawasawa na shilingi ya mwisho ya mkurugenzi wa Sh450,000. Siwezi kuita hiyo haki. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 pia haimuulizi mnunuzi wa sabuni anapata kiasi gani.

Lakini jambo ninalotaka lisomwe kwa makini ni la mwenye duka, kwa kuwa saa za bure mara nyingi zinaanzia kwenye kodi yake. Tuseme anauza bidhaa za Sh400,000 kwa mwezi, yaani Sh4.8 milioni kwa mwaka. Yuko chini ya Sh5 milioni, hivyo hatakiwi kujisajili kwa VAT, lakini yumo ndani ya kodi ya mauzo, ile TOT, inayowahusu wanaouza zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Anatoa Sh12,000 kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita.

TOT hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Bidhaa zake zilimgharimu Sh300,000, amebaki na Sh100,000. Toa mishahara ya wafanyakazi wawili kama yule wa mfano wangu, Sh51,750. NSSF ya mwajiri, Sh3,105. Ushuru wa nyumba wa mwajiri, Sh776.25, ada ya mafunzo ya NITA, Sh50 kwa kila mmoja, kodi ya chumba, Sh20,000, umeme na mengineyo, Sh4,000. Faida ni Sh20,268.75. TOT ikichukua Sh12,000, anabaki na Sh8,268.75. Karibu asilimia 60 ya faida imeondoka. Na angalia: saa 40 za wafanyakazi wawili kwa Sh150 ni Sh12,000 vilevile. Kodi aliyobebeshwa tajiri wa duka imeshuka hadi mgongoni mwa vijana wawili wanaopanga misumari gizani, shilingi kwa shilingi.

Hilo halimpi ruhusa, na kuna mlango ambao wenye maduka wengi hawajaujaribu. Sheria ya TOT inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya mapato, kwamba hataki kuwa chini ya kodi hiyo, atozwe kodi ya mapato ya kawaida. Akiwa ni mtu binafsi, si kampuni, na hana kipato kingine, faida ya Sh20,268.75 inatozwa asilimia 10, Sh2,026.88, na nafuu ya Sh2,400 inaimaliza. Sh12,000 zimebaki dukani. Akizilipa zote kama ovataimu, anabaki na Sh8,268.75 zilezile, pengine pungufu kwa chini ya Sh1,000 ikiwa michango ya mwajiri itapanda.

Mlango huo una kizingiti. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki katika hesabu ya faida, isipokuwa vitu vichache kama mishahara. Hapo ndipo hadiwea nyingi hukwama: saruji na mabati yana ankara, lakini mchanga na kokoto hununuliwa kutoka kwa lori, pesa mkononi. Bidhaa za Sh40,000 zikikosa ankara, faida mbele ya KRA inakuwa Sh60,268.75 na kodi kama Sh10,464. Bado ni chini ya Sh12,000, ila faida ya kuhama imekonda. Kwa hiyo mwenye duka aanze kudai ankara kwa muuza mchanga na kwa mwenye jengo miezi mitatu kabla ya kuandika barua, aone hesabu inasemaje.

Asiyetaka kulipa ovataimu apange zamu. Saa 52 kwa siku 6 ni saa 8 na dakika 40 za kazi. Ukiongeza dakika 45 za chakula, kila mmoja anakaa dukani saa 9 na dakika 25. Wa kwanza aingie saa 1:30 asubuhi atoke saa 10:55 jioni, wa pili aingie saa 3:05 asubuhi afunge saa 12:30 jioni, wabadilishane kila wiki. Duka halifungwi dakika moja mapema, na ovataimu ni sufuri.

Kwa walinzi hesabu ni chungu zaidi. Lindo la saa 12 kwa siku 6 ni saa 72, ilhali amri ya jumla inamwekea mfanyakazi wa usiku saa 60. Sekta nyingine, zikiwemo kampuni za ulinzi, zina amri au makubaliano yao ya chama, kwa hivyo mfanyakazi wa maua Naivasha au wa chai Kericho asome ya kwake kabla ya kutumia saa zangu.

Anayedai afanye hivi. Anunue daftari la Sh50, aandike kila siku siku hiyohiyo: tarehe, saa ya kuingia, mapumziko, saa ya kutoka, kazi aliyobakizwa kufanya, na nani alikuwepo. Apige picha ratiba ya zamu kabla haijabanduliwa. Ujumbe wa simu wa "usiondoke bado" auhifadhi. Kuna kosa linaloweza kuangusha dai la ovataimu mahakamani: mdai anasema alifanya saa 2 za ziada kila siku kwa miaka 3, akasahau kuondoa likizo, siku za ugonjwa na Jumapili. Hakimu akiona hivyo anaweza kulitupa dai zima. Kosa lingine ni kubonyeza kidole kwenye mashine ya kutoka kisha kurudi ndani kazini. Rekodi itamshuhudia mwajiri. Mkataba ukisema mshahara "umejumuisha yote", bado uliza kwa maandishi umejumuisha saa ngapi.

Barua ya kwanza iende kwa mwajiri, ya pili kwa ofisi ya leba ya kaunti. Yasipotatuliwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Nakuru, Kisumu, Kericho na Eldoret, na mwenye mshahara usiozidi Sh80,000 anaweza kusikizwa na hakimu aliyeidhinishwa kwa kesi za kazi. Asichelewe: kikomo cha madai ya mkataba ni miaka 3, na dhuluma inayojirudia kila mwezi huhesabiwa miezi 12 tangu ilipokoma, kwa hivyo aliyeacha kazi mwaka juzi huenda amefungiwa nje.

Na wakati daftari linajazwa, akague pia kama anachokatwa kinafika. PAYE, NSSF na bima hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Taarifa ya NSSF iko kwenye mtandao wao, ya bima ya afya, SHA, hupatikana kwa kupiga *147#, na fomu ya P9, muhtasari wa mwaka wa mshahara na kodi, ilinganishwe na kilichomo iTax, mtandao wa KRA, kabla ya Juni 30. Mwezi ukikosekana, auandike kwenye daftari lilelile, chini ya saa zake.