Lusini yenye madoa: noa mundu kabla ya kutafuta dawa

Mvua ndefu zikishika huku Nyandarua, na tena Julai jua linapogoma kutoka hadi saa sita, wafugaji wenzangu huanza kuniuliza: lusini imeingia madoa, tunyunyize nini? (Lusini ni yale majani ya kulisha mifugo ambayo wengine huyaita alfalfa.) Jibu langu wengi hawalipendi. Noa mundu.

Ila kwanza hakikisha ni ugonjwa. Madoa haya huletwa na kuvu, na doa lake ni dogo, la mviringo, kahawia iliyokolea, upana wa milimita 1 hadi 3. Likikomaa huota kinundu katikati, upande wa juu wa jani, na humo ndimo mbegu za kuvu hurushwa hewani. Ukisugua jani na kidole kikatoka na unga mwekundu, hiyo ni kutu, nayo pia ni kuvu. Lakini ukiona vitone vyeupe vimejipanga ukingoni mwa jani, usiguse dawa: mara nyingi ni upungufu wa potasiamu, na tiba yake ni mbolea.

Ugonjwa wa madoa huanzia majani ya chini, kwenye unyevu na kivuli, ukapanda. Jani hugeuka njano, hupukutika. Mmea haufi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ukisimama barabarani shamba ni la kijani na lina urefu wa kuridhisha. Ukikata, mizigo haijapungua sana. Kumbe umebeba vijiti! Katika lusini, theluthi mbili au zaidi ya protini iko kwenye majani. Shina ni nyuzinyuzi tu, na kadiri linavyokomaa ndivyo linavyozidi kuwa gumu tumboni. Ng'ombe atakula, atashiba, na maziwa yatashuka. Wewe utamlaumu aliyekuuzia chakula cha dukani.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Lusini ikishambuliwa na kuvu hujikinga kwa kutengeneza kumestroli, kemikali inayofanya kazi mwilini mwa mnyama kama homoni ya kike ya estrojeni. Kwa kondoo imethibitika kwamba hupunguza mayai yanayopevuka, na mapacha wakapungua. Ng'ombe nao wanaweza kuvurugika mzunguko wa joto, yaani siku za kutaka dume. Kwa hiyo mtamba akipandishwa mara kwa mara bila kushika, mweleze daktari wa mifugo anakula nini, usiishie kumwonyesha ng'ombe tu. Mimi kondoo wanaokaribia kupandishwa siwapi lusini yenye madoa, hata ikiwa ndiyo iliyobaki.

Sasa mundu. Kwa kawaida lusini hukatwa mashina kama 10 kati ya 100 yakianza kutoa maua. Madoa yakifika katikati ya mmea, usingoje ua. Kata sasa, ukiacha sentimita 5 hadi 7, ungali na majani ya kuvuna, kisha ondoa kila kitu shambani, maana kuvu hubaki hai kwenye majani yaliyokauka chini. Chipukizi jipya hutoka safi. Tahadhari ni moja: ukikata mapema mfululizo utachosha mizizi, hivyo zamu inayofuata iache ifikie maua. Ngoja pia umande ukauke kabla ya kuingia shambani, na kama unamwagilia kwa kunyunyiza kutoka juu, fanya asubuhi ili majani yasilale na maji.

Dawa ya kuvu ipo, sikatai. Ila kwa zao linalokatwa kila baada ya wiki chache, hesabu yake mara nyingi hailipi, na lazima uheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla mnyama hajala. Pesa hiyo ningeiweka kwenye mbegu inayostahimili ugonjwa nitakapopanda upya.

Ukikausha, anika juu ya turubai na ugeuze asubuhi nyasi zikiwa bado laini, kwa sababu jani lenye ugonjwa hukatika hata kwa kuguswa. Usifunge robota (mzigo wa majani makavu) unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 15 hadi 18. Ukungu wa ghalani si ugonjwa huu wa shambani, na ni mbaya zaidi: baadhi yake hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo hupita hadi kwenye maziwa.

Na kama wewe ni wa kununua, usilipie rangi ya nje. Fungua robota moja, chukua fungu la katikati, likung'ute juu ya gunia. Yakidondoka majani ya kahawia na mkononi ukabaki na mashina matupu, hiyo ni bei ya nyasi za kawaida, si ya lusini. Muuzaji akikataa lifunguliwe, nenda kwa jirani yake.