Ukitaka kuziona ngome za Rhine, panda meli inayopinga mkondo

Oktoba iliyopita shangazi alikuja kunitembelea Ujerumani kutoka Tanga, nikampeleka mto Rhine, kile kipande cha kati ya Koblenz na Bingen. Ni kilomita kama 65 za magenge, mizabibu na ngome, na tangu 2002 kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mimi nilishapita huko mara moja, nikakosea: nilipanda meli inayoteremka na maji. Unapiga picha ngome hii, ukiinua kichwa ile nyingine imeshapita. Safari hii tulipandia Sankt Goar kuelekea Rüdesheim, kinyume cha mkondo. Mwendo ambao kuteremka hauchukui hata saa mbili, sisi ulituchukua karibu tatu. Ndicho nilichokuwa nakitaka.

Zile safari za wiki nzima za kulala melini waachie wenye nazo. Meli ya kawaida ya mchana inatosha, ila kuelekea mwisho wa Oktoba hupungua, kwa hiyo angalia ratiba kwanza.

Usikimbilie meli ya asubuhi. Msimu huu ukungu unaweza kulala bondeni hadi saa nne, saa tano, ukajikuta umelipa nauli kutazama pamba. Sisi tuliondoka baada ya saa saba mchana, tukakaa sitaha ya juu, upande wa kushoto. Alasiri jua hupiga ukingo wa mashariki, na ndiko liliko genge la Loreley, mita 132 juu ya mto. Beba koti zito hata kama bandarini kuna jua. Shangazi alijitanda kanga mbili juu ya sweta na bado alikuwa anatetemeka.

Alichangamka tulipofika mji mdogo wa Kaub. Pale kuna ngome ya Pfalzgrafenstein, nyeupe, imekaa juu ya mwamba katikati ya mto kama meli iliyopanda fungu. Nikamweleza kwamba ilijengwa karne ya 14 ili kutoza ushuru vyombo vinavyopita. Akacheka. "Kumbe geti la mazao!" Tangu hapo kila ngome tuliyoipita alikuwa ananiuliza, "Na huyu naye alikuwa anatoza?"

Mashamba yenyewe usiyatazame juujuu. Miteremko ni mikali kiasi kwamba pengine mvunaji anakata vichala kwa mkono huku mguu mmoja uko juu ya mwingine. Zabibu ni Riesling zaidi, na yale mawe meusi ya bapa unayoyaona chini ya mizabibu hutunza joto la jua la mchana.

Vijijini utakuta inauzwa Federweißer, mvinyo mchanga ambao bado unachacha, na huliwa na keki ya vitunguu. Kwa wasiotumia pombe: rangi yake ya ukungu na utamu wake visikudanganye, ile si juisi. Omba Traubensaft, yaani juisi ya zabibu, kama tulivyofanya kwa shangazi. Na ukinunua chupa, ibebe imesimama. Kizibo chake hakikazwi, maana gesi ingeipasua. Mimi niliyomnunulia mwenzangu wa kazini niliilaza kwenye begi, juu ya kanga ya tatu ya shangazi. Sitasema zaidi.

La mwisho ni maji. Baada ya kiangazi kikavu mto hupungua: Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25. Hicho si kina cha njia ya meli, lakini hali ikifika huko safari huvurugika, kwa hiyo angalia kipimo kabla hujalipa. Meli ikikosekana, reli iko kingo zote mbili. Daraja ndilo hakuna, kuanzia Mainz mpaka Koblenz, kwa hiyo kama treni yako iko ng'ambo utavuka kwa kivuko. Uliza mapema cha mwisho kinaondoka saa ngapi.